Vidole vimeliwa na chumvi, sura tumegawana na pacha: laptopu niifungue kwa kipi?

Swali la msomaji:

Habari za kazi, mtaalamu. Naitwa Doto, nauza dagaa na kayabo, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, hapa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Hesabu za wavuvi niliowakopesha mafuta na nyavu ziko kwenye madaftari, na sasa nataka kuzihamishia kwenye laptopu. Dukani nimeonyeshwa mbili zilizotumika, bei ileile. Moja inafunguka kwa kidole, nyingine unaitazama tu inafunguka. Muuzaji anasema ya uso ndiyo salama zaidi. Ila nina pacha wangu, Kulwa, tunafanana hata mama akituona kwa mbali anakosea, na meza yetu ya kazi ni moja. Tena vidole vyangu vimekwisha kwa chumvi; wakati wa kusajili laini nilirudishwa mara tatu. Mpwa wangu naye kaniambia kamera hizo hazitujui sisi weusi. Nichukue ipi?

Jibu:

Dada Doto, mwangaluka. Chukua ya kidole.

Angeniuliza mwalimu wa Nyegezi asiye na pacha, ambaye mikono yake haishindi kwenye chumvi, huenda ningemwambia achukue ya uso. Muuzaji hajakudanganya. Microsoft, wenye Windows, wanawataka watengenezaji wahakikishe kisoma kidole hakimkubali mtu asiye mwenyewe zaidi ya mara 1 katika 50,000, na kamera ya uso isizidi mara 1 katika 100,000. Kwenye simu za Apple pengo ni kubwa zaidi: kidole 1 katika 50,000, uso 1 katika 1,000,000. Ukisoma nambari hizo peke yake, uso umeshinda.

Lakini nambari hizo zimepigwa kwa mtu baki, yule anayepita njia akaokota kompyuta yako na kujaribu bahati. Kulwa si mtu baki. Apple wenyewe waliandika wazi, walipotoa simu ya kwanza ya kufunguka kwa uso mwaka 2017, kwamba hesabu yao haiwahusu mapacha, ndugu wanaofanana sana, wala watoto wa chini ya miaka 13 ambao sura zao bado hazijajitenga vizuri. Mwaka huohuo waandishi wa habari waliwaita mapacha wakaijaribu simu hiyo, na pacha akafungua simu ya mwenzake. Kwa upande wa Windows kulikuwa na matokeo mazuri zaidi: mwaka 2015 gazeti la The Australian lilikusanya jozi 6 za mapacha, na hakuna aliyefanikiwa kuingia kwa sura ya nduguye. Ninakutajia yote mawili ili ujue kwamba si lazima Kulwa apite. Ila jozi 6 ni chache mno kwangu mimi kuziwekea dhamana daftari la madeni.

Sababu yenyewe ni rahisi kuiona. Kamera hiyo inapima macho yako yalivyokaa, pua ilivyoshuka, mdomo ulivyojipanga, kisha inalinganisha na vipimo ilivyovihifadhi siku ya kwanza. Kwenu ninyi, mnaofanana kama shilingi kwa ya pili, vipimo hivyo mmepewa na kurithi kulekule. Kidole hakikuumbwa hivyo. Mistari ya vidole hujichora mtoto akiwa bado tumboni, mimba ikiwa changa, na mchoro wake hutegemea mambo madogo madogo: kidole kimebanwa wapi, maji yamekizunguka vipi, ngozi imekua kwa kasi gani siku zile. Watoto wawili wa yai moja, tumbo moja, hawapati mchoro mmoja. Kidole cha Kulwa ni cha Kulwa.

Sasa tuje kwenye shida yako halisi, ambayo naijua kwa macho. Mwishoni mwa mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020, tarehe ya mwisho ya kusajili laini kwa alama za vidole ilipokaribia, nilisimama foleni moja na kina mama wa samaki. Nilimwona mmoja akiweka kidole gumba, kikakataa; wakala akamfuta kwa kitambaa, kikakataa; akaambiwa arudi kesho. Hakuwa na kosa lolote. Mashine haikuwa na cha kusoma, na hakuna aliyejishughulisha kumweleza kwa nini. Jambo lile liliniuma, na tangu siku hiyo kila anayeniletea kompyuta kutoka Mwaloni, kitu cha kwanza naomba anionyeshe mikono.

Kisoma kidole cha laptopu hakipigi picha kama kamera. Ni kipande kidogo chenye vijisehemu vingi vyenye umeme hafifu sana. Panapoguswa na mstari wa kidole, umeme unabadilika. Penye bonde kati ya mstari na mstari, haubadiliki sana. Mchoro unatokana na tofauti hiyo. Maji yakijaa kwenye mabonde, tofauti inapotea, na maji ya chumvi ndiyo mabaya zaidi kwa sababu yanapitisha umeme vizuri. Ngozi ikikauka na kusagika, mistari inakuwa mifupi, na tofauti inapotea kwa njia ya pili. Wewe una yote mawili kwa siku moja: asubuhi vidole vimelowa na kujikunja, jioni vimekauka kama karatasi ya simenti.

Mwaka jana alikuja kwangu mama mmoja anayepasua sangara, na laptopu yake ilikuwa haijawahi kumkubali hata mara moja. Alikuwa amesajili kidole gumba cha kulia na cha shahada cha kulia, kama tunavyofanya wote. Nikamwomba ashike kalamu kama anavyoshika kisu, halafu aniigizie anavyokamata samaki kwa mkono wa pili na anavyosugua chumvi. Gumba na shahada za mikono yote miwili ndizo zinazobeba kazi. Cha kati kinasaidia. Kidole cha pete cha mkono wa kisu kimejikunja kwenye mpini, ncha yake imejificha kiganjani, chumvi haiipati sana. Tukakiangalia chini ya taa: mistari yake ilikuwa imesimama, unaihesabu kwa macho. Tukakisajili. Kikasoma mara ya kwanza. Tukaongeza kidole kidogo cha mkono huohuo kiwe akiba, na mpaka leo anafungua kwa pete.

Basi na wewe usianze na gumba kwa sababu tu ndicho ulichozoea kukitoa kila mahali. Kaa karibu na dirisha, geuza mikono, tafuta ncha yenye mistari unayoiona. Nawa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, jifute, subiri dakika chache ngozi irudi. Kama imekauka sana paka mafuta kidogo, kisha yafute. Ngozi yenye unyevu mdogo inasomeka kuliko iliyopauka. Windows ikikwambia inua kidole, weka tena, usikiweke palepale: weka ncha, weka ubavu wa kushoto, weka ubavu wa kulia, kwa sababu kwenye haraka ya kazi hutakiweka sawasawa kila siku. Halafu fanya jambo ambalo wengi hawalijui. Kidole hichohicho jaribu kukisajili mara ya pili kama kidole kingine, safari hii jioni baada ya kazi, kikiwa katika hali yake mbaya. Ikikubali, kompyuta itakuwa na sura mbili za kidole kimoja, cha asubuhi na cha jioni. Na kila siku pitisha kitambaa laini kikavu juu ya kisomaji, maana mafuta ya samaki hujenga utando usiouona.

Ukipumzika na chumvi wiki kadhaa, mistari itarudi. Mchoro wa kidole una mizizi kwenye ngozi ya ndani, na ngozi ya juu inapojitengeneza upya hufuata mchoro uleule. Kinachobaki ni kovu la kisu lililozama, na hilo halizuii, linakuwa sehemu ya alama.

Aina ya kisomaji nayo ina maana. Laptopu za zamani zina kijistari chembamba ambacho unapitisha kidole juu yake kutoka juu kwenda chini. Hizo ziache, kwa vidole vyako zitakutesa. Tafuta yenye kimraba au kiduara, au yenye kisomaji ndani ya kitufe cha kuwashia, ambayo unaweka kidole na kutulia.

Kuhusu alichosema mpwa wako, ana msingi, na si jambo la kupuuza. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru, wanasayansi wawili wenye asili ya Afrika, walipima programu za kampuni kubwa zinazokisia kama sura ni ya mwanamume au ya mwanamke. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7. Mwaka uliofuata taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, NIST, ilipima programu nyingi za kutambua sura na ikakuta kwamba kuchanganya mtu na mtu kulikuwa kwingi zaidi kwenye sura za watu wa Afrika Mashariki, Afrika Magharibi na Asia Mashariki, na kuchache zaidi kwa watu wa Ulaya Mashariki. Afrika Mashariki, dada Doto, ni sisi. Huenda programu nyingi zilifundishwa zaidi kwa picha za watu wengine.

Ila hapo nimwongezee mpwa kitu kimoja. Kamera ya Windows ya kufungulia haitegemei mwanga wa kawaida peke yake. Inamulika uso kwa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, na katika mwanga huo weusi wa ngozi hauunyonyi sana kama unavyonyonya mwanga wa kawaida, kwa hiyo tofauti ya rangi kati yetu na wengine inapungua. Nimewasajili watu weusi tititi na ikawafungulia bila shida. Shida niliyoiona zaidi huku kwetu ni jua. Jua nalo lina infraredi nyingi, na ukikaa nje kwenye vichanja vya dagaa saa saba mchana kamera inapofuka. Na usiku umeme ukikatika kuna jambo jingine: tangu sasisho la Windows 11 la Aprili 2025, kamera ya kawaida nayo lazima ikuone, kwa hiyo gizani inakataa. Kidole hakijali jua wala giza. Kwa mtu anayefunga hesabu nje na saa za usiku, hilo tu lingetosha kunishawishi.

Tena uwe macho na kitu kimoja madukani. Kuna laptopu zenye kamera ya kawaida tu, ya kupigia simu za video, ambazo zimewekewa programu ya pembeni inayodai kufungua kwa uso. Mwaka 2009 watafiti wa Vietnam walionyesha mbele ya wataalamu wenzao kwamba laptopu za Lenovo, Asus na Toshiba za wakati ule zilifunguka kwa picha ya mwenyewe tu. Programu ya namna hiyo kwenye kamera ya kawaida bado ina udhaifu uleule, na picha yako iko kwenye hali ya WhatsApp kila siku. Windows yenyewe haikubali kamera hiyo: ukifungua mipangilio ya akaunti, sehemu ya njia za kuingia, itakwambia kufungua kwa uso hakupatikani kwenye kompyuta hii.

Utasikia pia kwamba vidole vinaghushiwa. Ni kweli. Mwaka 2013, siku chache tu baada ya Apple kutoa simu ya kidole, kundi la Chaos Computer Club la Ujerumani liliifungua kwa kidole bandia kilichotokana na alama iliyoachwa kwenye kioo. Novemba 2023 watafiti wa Blackwing Intelligence walipita visoma vidole vya laptopu tatu, ya Dell, ya Lenovo na ya Microsoft yenyewe, kwa kuvuruga mazungumzo kati ya kisomaji na kompyuta. Kazi hizo zinahitaji ujuzi, vifaa na muda wa kukaa na kompyuta yako. Mwizi wa Mwaloni hana shughuli hiyo. Anachukua begi anaondoka.

Na hapo ndipo ninapotaka unisikilize kuliko kote nilikopita. Windows haikuruhusu kusajili kidole wala uso mpaka kwanza uweke namba ya siri. Kidole kikikataa, inauliza namba ya siri. Uso ukikataa, inauliza namba ya siri. Mtu yeyote anaweza kuruka kidole na kwenda moja kwa moja kwenye namba. Kidole ni komeo la kurahisisha kuingia na kutoka, na mlango ni namba. Sasa fikiria namba ambayo watu wengi huweka: mwaka wa kuzaliwa. Wewe na Kulwa mmezaliwa siku moja. Mwingine huweka ileile ya kutolea pesa kwenye simu, ambayo vijana wa mezani wameshaiona mara mia akiibonyeza. Weka tarakimu 6 au zaidi zisizo na uhusiano na ndugu, simu wala boti. Windows inakuruhusu hata kuchanganya herufi humo. Inalindwa na chipu iliyo ndani ya kompyuta, na mtu akikosea mara nyingi inamfungia asiendelee kubahatisha, kwa hiyo namba ya wastani isiyobashirika inatosha. Faida kubwa ya kidole ni kwamba kinakupunguzia kuibonyeza namba hiyo mbele za watu.

Jambo la pili, ambalo muuzaji hatalitaja. Kidole, uso, namba, vyote vinalinda kuingia. Mtu akifungua kompyuta kwa bisibisi, akatoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta yake, hakuna anayemuuliza kidole. Nimelifanya mezani kwangu kwa ombi la mwenye mali aliyesahau namba: haikuchukua robo saa, mafaili yake yote yakawa mbele yetu. Alifurahi kuyapata, halafu akanyamaza alipoelewa kwamba na mwingine angeyapata vilevile. Kinga yake ni kuifunga diski yenyewe kwa usimbaji, yaani kuyageuza mafaili yasisomeke bila ufunguo. Kwenye Windows ya kazini huitwa BitLocker; kwenye Windows ya nyumbani, kompyuta nyingi zina usimbaji wa kifaa unaowashwa kwenye mipangilio. Ukiuwasha kutakuwa na ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48. Uandike kwenye karatasi mbili kwa mkono, moja nyumbani kwenye vyeti, nyingine kwa mtu unayemwamini nje ya Mwaloni. Ukiupoteza na kompyuta ikauhitaji, hata mimi sitaweza kukusaidia.

Usiogope kwamba alama yako inatumwa nje. Windows huihifadhi ndani ya kompyuta hiyohiyo kama vipimo vilivyofungwa, na haitunzi picha ya kidole chako. Ninaogopa zaidi mashine za mahudhurio za kuokoteza, kwa sababu neno la siri likivuja unalibadilisha, kidole huwezi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu alama hizi kuwa taarifa nyeti. Sheria hiyohiyo inayagusa pia majina, simu na madeni ya wavuvi wako, na ndiyo maana nimeng'ang'ania diski.

Siku ya kwenda dukani nenda ukitoka kazini, mikono ikiwa vilevile. Mwambie muuzaji akufungulie akaunti ya majaribio, usajili kidole cha pete pale kaunta, funga na ufungue mara kumi. Ikikubali chini ya mara nane, jaribu kidole kingine kabla hujaikataa. Mchukue na Kulwa. Kama una hamu ya kujua, jisajili uso kwenye ile ya pili kisha umwambie Kulwa aitazame. Mtapata jibu lenu hapohapo. Uliza pia kama inakubali Windows 11, maana Windows 10 iliachwa kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mitumba zimekwama huko. Ukishalipa, iwekwe upya kabisa, akaunti za mwenye zamani na vidole vyake viondoke.

Kisha Kulwa. Najua mnafanya kazi pamoja na atahitaji kuingia. Usimsajili kidole chake ndani ya akaunti yako, ingawa kompyuta itakubali, kwa sababu kuanzia hapo hakuna atakayejua deni la mvuvi lilibadilishwa na nani, na ninyi wawili ndio mtakaoumizana kwa jambo hilo. Mfungulie akaunti yake, kidole chake, namba yake. Faili la madeni liweke mahali ambapo yeye anasoma, na wewe peke yako ndiye unayeandika.